Ngozi ya sungura ikibanduka magamba, usikimbilie kumwosha

BAADHI ya wafugaji wa sungura, wanapoona unga mweupe umetapakaa mgongoni mwa mnyama wao, hudhani ni vumbi la kizimba. Humchukua wakamtumbukiza ndani ya karai la maji na sabuni. Kesho yake sungura hujikunyata pembeni, hali wala hanywi. Wengine hufa papo hapo kwa fadhaa na baridi, na mtoto aliyempenda akabaki na huzuni asijue kosa lilikuwa wapi.

Kosa ni kutibu dalili kabla ya kujua chanzo. Ngozi kavu yenye magamba si ugonjwa, bali ni ishara ya jambo jingine.

Kwanza, huenda sungura anabadilisha manyoya tu. Wakati huo mba kidogo ni jambo la kawaida, na kumchana taratibu kwa brashi laini kunatosha. Ngozi yake ni nyembamba na huchanika upesi, kwa hivyo asichanwe kwa nguvu.

Magamba yakiwa mengi, hasa kati ya mabega na juu ya mkia, shuku utitiri. Aina moja, ambayo wataalamu huiita Cheyletiella, huishi juu ya ngozi na kusukuma magamba inapotembea. Ndiyo sababu hali hiyo huitwa mba unaotembea. Kuihakikisha si vigumu: mchane sungura juu ya kitambaa cheusi, kisha yatazame magamba kwa makini mahali penye mwanga. Yakisogea, umempata adui. Hata hivyo, yasiposogea usiseme mnyama ni mzima, kwani wadudu hao ni wadogo mno na daktari huhitaji darubini.

Utitiri wa masikio nao huleta magaga mazito ya rangi ya kahawia, na sungura hutikisa kichwa mara kwa mara. Magaga hayo yasibanduliwe kwa mkono kwa sababu yana maumivu makali. Huanguka yenyewe dawa ikifanya kazi. Upele huanzia puani, midomoni na kwenye vidole. Choa, ambayo husababishwa na kuvu, huacha mabaka yasiyo na manyoya.

Sungura mnene kupita kiasi, au mwenye meno yaliyorefuka, pia hupata mba kwa sababu hawezi kujilamba na kujisafisha hadi mgongoni. Huyo hata akipewa dawa ya wadudu, mba utarudi iwapo uzito au meno hayatashughulikiwa.

Kwa utitiri, madaktari wa mifugo hutumia sana sindano ya ivermektini, kipimo kikikadiriwa kwa uzito wa mnyama. Dawa hiyo huua wadudu lakini haiui mayai yao. Hivyo basi hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14, mara mbili au tatu, ili kuwaua walioanguliwa baadaye. Mfugaji anayeacha baada ya sindano ya kwanza huwa amefanya kazi bure. Kama sungura ni wa kuliwa, muulize daktari nyama yake itakuwa salama baada ya muda gani.

Jihadhari na dawa za viroboto za mbwa na paka. Zile zenye fipronili humtia sungura kifafa na kumuua. Wapo pia wanaompaka oili chafu ya gari. Sungura hujilamba mchana kutwa, na chochote kipakwacho juu ya ngozi yake huishia tumboni.

Tibu sungura wote wanaoishi pamoja, hata wasio na dalili. Choma matandiko ya zamani na usugue kizimba, kwa kuwa utitiri unaweza kuishi siku kadhaa nje ya mwili wa mnyama. Sungura mgeni atengwe kwa angalau majuma mawili kabla ya kuchanganywa na wenzake.

Nyumba nzima ina sababu ya kujali. Choa humwambukiza binadamu, na utitiri unaweza kumwasha anayembeba mnyama. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wanapomaliza kucheza naye.

Chakula pia kina nafasi yake. Nyasi kavu zisizo na ukungu ziwe sehemu kubwa ya mlo, na maji safi yasikosekane: sungura hunywa takriban mililita 50 hadi 150 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake.

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi, kifo humuumbua. Sungura, kwa kuwa porini huwindwa na kila mwenye meno, amezoea kuficha udhaifu wake hadi siku ya mwisho. Ni jukumu la mfugaji kuyapekua manyoya yake kila wiki, na kumwita daktari magamba yangali machache.