Siki haiharibiki upesi, chupa yake ndiyo ya kuangalia

Jikoni kwako huenda ipo chupa ya siki ya kachumbari, achari ya embe au kulainishia nyama. Hapa Pwani, kuanzia Kibaha hadi Kisarawe, wapo wanaonunua ya dukani na wapo wanaoacha mnazi uchachuke wenyewe. Je, utajuaje kama imeharibika?

Siki ni asidi, na vijidudu vingi haviwezi kuishi ndani yake. Ndiyo maana haihitaji friji na hukaa muda mrefu. Ukiona imekuwa na ukungukungu kama maji ya mchele, ina machicha chini au utando laini unaoteleza kama ngozi ya maziwa, usiogope. Utando huo hutengenezwa na bakteria walewale wanaogeuza pombe kuwa siki. Chuja, uendelee kutumia.

Mwaga siki yote, usiondoe juu tu, ukiona mojawapo ya haya:

• Kuvu lenye manyoya juu yake, liwe jeupe, la kijani au jeusi.
• Harufu ya kuoza badala ya ukali wake wa kawaida.
• Mfuniko wa bati ulioshika kutu na kuingia ndani.

Siki uliyoizimua kwa maji, au uliyotia pilipili na vitunguu, si siki tupu tena. Ukali umepungua na vijidudu hupata nafasi. Hiyo weka kwenye friji na uitumie mapema. Kwa achari ya kukaa muda mrefu tumia siki ya dukani iliyoandikwa asidi asilimia 5, kwa sababu ya mnazi hujui ukali wake.

Hifadhi siki kwenye chupa ya kioo yenye kizibo cha plastiki, mbali na jiko na jua. Usiiweke kwenye sufuria ya alumini wala chombo cha shaba, kwani asidi hula chuma.

Mzazi, hatari kubwa ni pale siki inapomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hasomi lebo. Iache kwenye chupa yake, juu asikofika, na usiichanganye kamwe na dawa ya kung'arishia nguo kama Jik. Hutoa hewa ya sumu.

Mtoto akinywa siki kali, usimtapishe, maana itamuunguza koo mara ya pili. Msukutulishe kwa maji safi, kisha mkimbize kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Tumbi kwa walio Kibaha na hospitali ya wilaya kwa walio Kisarawe. Nenda na chupa yenyewe, daktari aione.

Nawe mgonjwa wa vidonda vya tumbo au kisukari, usinywe siki kama dawa bila kumuuliza daktari wako. Leo, kabla hujapika, kagua chupa yako.