Nani Apigane na Nani?

Usiku wa tarehe 4 Oktoba 2008, katika mji wa Sunrise, Florida, kampuni ya mapigano ya EliteXC ilikuwa na kila ambacho promota hukiombea. Ilikuwa na ukumbi mkubwa, na televisheni ya CBS inayoingia bure katika nyumba za Marekani nzima. Zaidi ya yote ilikuwa na Kimbo Slice, mtu wa ndevu nyingi aliyejulikana kwa video za ngumi za mitaani. Siku hiyohiyo ya pambano, mpinzani wake, mkongwe Ken Shamrock, akachanika karibu na jicho na akazuiwa kupigana. Seth Petruzelli, aliyekuwa amepangwa kwenye mapambano ya utangulizi, akapandishwa kwenye pambano kuu. Sekunde 14 baada ya kengele, Kimbo alikuwa chini na refa ameshaingilia. Mwezi ule haukuisha kabla EliteXC haijafunga milango.

Kampuni nzima ilikuwa imeegemea mtu mmoja. Mashabiki wengi waliuona usiku ule kama kichekesho cha Kimbo, lakini aliyeanguka kwa kishindo kikubwa zaidi alikuwa promota, na kazi ya promota ndiyo ambayo watazamaji huielewa kwa uchache. Kuna michezo ya kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo tu. Haina picha za ngumi wala mateke. Anayecheza husoma maneno na majedwali, na hutakiwa kuamua nani apigane na nani, lini, wapi, na kwa malipo gani.

Unaojulikana zaidi katika jamii hiyo ni World of Mixed Martial Arts, kazi ya Mwingereza Adam Ryland inayouzwa na Grey Dog Software. Ryland alianza na mieleka ya maonyesho. Tangu katikati ya miaka ya 1990 alikuwa akiandika programu za Extreme Warfare, na ile ya mwaka 2002, iliyogawiwa bure, ilimfanya mchezaji awe bosi wa kampuni ya mieleka. Baadaye ikaja Total Extreme Wrestling, na ujuzi huo akauhamishia kwenye MMA, yaani mapigano mseto yanayochanganya ngumi, mateke, mieleka na kabali. Tofauti si ndogo. Katika mieleka ya maonyesho bosi huamua mshindi kabla ya pambano. Katika MMA anapanga pambano, kisha anaketi kusubiri kama mtazamaji mwingine yeyote.

Kusubiri huko hufanyika kwa kusoma. Kila mpiganaji ana sifa zake: uzito wa ngumi, ustadi wa mieleka, kazi ya chini, pumzi, uvumilivu wa kupigwa. Programu huzikutanisha sifa hizo na kuchanganya na bahati, halafu hutoa masimulizi mstari kwa mstari. Huyu anarusha konde la kushoto linapita hewani, yule anamwahi miguuni, anamwangusha, anatafuta kabali, raundi inaisha. Aliyekulia kwenye matangazo ya mpira ya redio hatahitaji kufundishwa jinsi ya kufuatilia. Jicho halina kazi, lakini moyo unadunda kwa sababu uamuzi wa kuwakutanisha wawili hao ulikuwa wake mwenyewe.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini zama hizi watu wanunue mchezo usio na picha. Michezo ya umeneja wa soka ilianza na vielelezo hafifu pia, tangu Kevin Toms alipotoa Football Manager mwaka 1982. Ndugu wawili Waingereza, Paul na Oliver Collyer, waliotoa Championship Manager mwaka 1992, kwa miaka mingi waliwasomesha wachezaji mechi kwa maandishi. Walianza kuonyesha vidoti vikikimbia uwanjani mwaka 2003, na picha za pande tatu zikaja na toleo la 2009. Ryland alibaki kwenye maneno. Kuchora kila mkao wa watu wawili waliokabana sakafuni kunahitaji jeshi la wachoraji, ilhali sentensi moja huutaja mkao huo na kwenda zake. Nguvu iliyookolewa huingia kwenye ulimwengu unaouzunguka ulingo: kampuni pinzani, mamia ya wapiganaji wanaozeeka na kuchipukia, nchi ambako jina fulani linauza tiketi na nyingine ambako halijulikani. Kampuni hizo ni za kubuni, kama GAMMA na ALPHA-1 ya Japani, na wapiganaji wake nao ni wa kubuni.

Uhondo wenyewe uko kwenye kupanga mapambano. Promota mwenye kijana anayependwa hutaka kumpa wapinzani wa kumjenga, watu wenye jina kidogo lakini wanaopigika. Akimpa wepesi kupita kiasi, mashabiki wanachoka. Akimpa mgumu mapema, anaichoma mali yake kwa mkono wake. Tanzania inaujua mtego huu kutoka upande wa pili. Tarehe 8 Septemba 2018, mjini Birmingham, bondia Hassan Mwakinyo alipandishwa ulingoni dhidi ya Sam Eggington, Mwingereza aliyekuwa nyumbani kwao. Mgeni huyo hakutarajiwa kushinda. Raundi ya pili mwamuzi alisimamisha pambano, mgeni akiwa mshindi, na jina la Mwakinyo likawa midomoni mwa watu kuanzia Tanga hadi London. Waliopanga pambano lile walikuwa na rekodi zake mezani, na rekodi hazikuwaambia alichokuwa nacho mikononi. Mchezo wa Ryland una kisa cha namna hiyo karibu kila msimu, na mchezaji huanza kuogopa kila mgeni mwenye rekodi nyembamba.

Kisha kuna majeraha. UFC, kampuni kubwa kuliko zote za MMA, ilipanga kuendesha onyesho lake la 151 mjini Las Vegas tarehe 1 Septemba 2012, Jon Jones akitetea mkanda dhidi ya Dan Henderson. Henderson akaumia goti. Chael Sonnen akajitolea kuziba nafasi, lakini Jones akakataa kubadilishiwa mpinzani zikiwa zimebaki siku nane. Kwa kuwa chini ya pambano kuu hapakuwa na jina la kulibeba onyesho, lote likafutwa. Rais wa kampuni, Dana White, alimlaumu Jones hadharani. Jones alikuwa na haki yake. Aliyeweka mzigo wote juu ya nguzo moja ni aliyepanga.

Hata pambano la Muhammad Ali na George Foreman mjini Kinshasa lilipitia shida hiyo. Lilipangwa kufanyika Septemba 1974, Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba. Promota wake, Don King, alisalimika kwa sababu nyuma yake palikuwa na hazina ya serikali ya Mobutu, iliyoahidi kila bondia dola milioni 5. Promota wa kawaida hana Mobutu. Affliction, kampuni ya nguo iliyojiingiza kwenye MMA, ilifuta onyesho lake la tatu mwaka 2009 baada ya Josh Barnett, aliyepangwa kukutana na Fedor Emelianenko, kushindwa kipimo cha dawa. Halikuwepo onyesho la nne.

Anayecheza huanza kukubali mambo ambayo kama shabiki angeyalaani: kumbana mpiganaji kwa mkataba mrefu kabla hajajua thamani yake, kumpa pambano la ghafla aliyetoka kuumia, kumwacha mzee aliyejenga kampuni kwa kuwa namba zake zimeshuka. Hapo ndipo mchezo huu unapostahili kuchukuliwa kwa uzito, kwa sababu mivutano hiyo ni ya kweli. Ndugu wawili wa ukoo wa Fertitta walinunua UFC mwaka 2001 kwa dola milioni 2, na mwaka 2016 ikauzwa kwa karibu dola bilioni 4. Mwaka 2014 baadhi ya wapiganaji, wakiwemo Cung Le na Jon Fitch, walikuwa wameishtaki kampuni hiyo wakisema imeteka soko na kubana malipo yao. Shauri lilichukua miaka zaidi ya kumi. Februari 2025 mahakama iliidhinisha suluhu ya dola milioni 375. Aliyewahi kuendesha kampuni ya kubuni kwenye kompyuta yake na kuona jinsi mkataba mmoja wa kipekee unavyomfungia mtu milango yote mingine, ataielewa kesi ile haraka kuliko aliyeisoma kwenye habari za michezo.

Mchezo huja na kihariri, sehemu inayomruhusu mtu kubadilisha ulimwengu mzima. Mashabiki wameitumia kuingiza wapiganaji na kampuni halisi. Hakuna kinachomzuia kijana wa Mwanza au Mombasa kufanya hivyo kwa watu wa kwao, ila kazi itakuwa ya mikono. Atahitaji uzito wa kila mpiganaji, klabu anayofanyia mazoezi, walioshinda na walioshindwa, idadi ya watu ambao kila ukumbi unabeba, na uaminifu wa kumpa mpiganaji wa mtaa wake alama anazostahili hata kama ni ndogo. Akimaliza, atabofya kitufe cha kuanza, na kazi ya kwanza atakayopewa ni kumtafutia bingwa wake mpinzani.