Tangawizi, ndimu na asali: shira ya kikohozi ya nyumbani na mipaka yake

Miezi ya baridi inapoingia, kikohozi huhama nyumba hadi nyumba. Wengi hukimbilia jikoni kabla ya kwenda duka la dawa, na si vibaya. Nchini Kenya mchanganyiko wa tangawizi, ndimu na asali umezoeleka kiasi kwamba ukiagiza "dawa" hotelini, unaletewa kikombe chake.

Lakini jina hilo lina ukweli nusu. Shira hii hutuliza koo na kupunguza kukohoa. Haitibu nimonia wala kifua kikuu. Basi, msikilizaji, tujifunze kuitengeneza vizuri, kisha tujue inapoishia.

Mahitaji

Andaa tangawizi mbichi vipande viwili, kila kimoja kama kidole gumba. Maji kikombe kimoja cha chai. Asali nusu kikombe. Na ndimu moja. Nunua asali kwa mfugaji nyuki unayemfahamu. Kuidondosha kwenye maji au kuiwasha kwa kiberiti hakuthibitishi kuwa haijachanganywa na sukari.

Namna ya kutengeneza

1. Nawa mikono kwa sabuni. Chemsha chupa ya kioo na kifuniko chake kwa dakika 10, kisha viache vikauke bila kuvifuta kwa kitambaa.
2. Osha tangawizi, iparuze au itwange, uitie kwenye sufuria pamoja na maji.
3. Yakichemka, punguza moto. Acha yatokote taratibu hadi yabaki nusu kikombe. Huchukua kama dakika 20.
4. Chuja kwa chujio safi, kisha acha yapoe hadi yawe vuguvugu. Asali ikitiwa kwenye maji ya moto sana hupoteza harufu na ladha yake.
5. Tia asali, kamulia ndimu, koroga, mimina kwenye chupa na ufunike.

Kwa nini haikai muda mrefu?

Asali peke yake hukaa miaka kwa sababu ina maji machache mno, na vijidudu haviwezi kukua ndani yake. Ukishaitia maji ya tangawizi, kinga hiyo inapungua. Ndiyo maana tunatengeneza kidogo. Kama huna jokofu, itumie ndani ya siku mbili. Kwenye jokofu, ndani ya wiki moja. Ukiona povu, au ukisikia harufu ya pombe, imwage. Chota kwa kijiko safi kila mara, wala usirudishe kijiko kilichotoka mdomoni.

Kiasi cha kutumia

Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 apewe kijiko kimoja cha chai. Wa miaka 6 hadi 11, vijiko viwili vya chai. Kuanzia miaka 12, kijiko kimoja kikubwa. Mara tatu kwa siku zinatosha, na ya mwisho iwe kabla ya kulala. Mwaka 2007 watafiti nchini Marekani walichapisha utafiti uliohusisha watoto 105 wenye kikohozi. Wazazi wa waliopewa asali usiku walisema watoto wao walikohoa kidogo na kulala vizuri zaidi kuliko wale ambao hawakupewa chochote. Mwenye kisukari akumbuke kuwa asali ni sukari pia.

Mtoto chini ya mwaka mmoja: hapana

Usimpe asali mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hata ya kulamba kwenye kidole. Asali inaweza kubeba mbegu za kijidudu ambacho tumbo la mtoto mchanga halijaweza kukizuia. Kikikua humo hutoa sumu inayolegeza misuli, hadi ile ya kupumulia. Kuchemsha asali nyumbani hakuui mbegu hizo. Mtoto huyu anyonyeshwe mara kwa mara, na akikohoa apelekwe kwa mhudumu wa afya.

Tumia simu yako kuhesabu pumzi

Nimonia huua watoto haraka, na dalili yake moja unaweza kuipima mwenyewe. Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala kunyonya. Inua nguo uone kifua na tumbo. Weka saa ya simu kwa dakika moja kamili na uhesabu: kupanda na kushuka ni pumzi moja.

Mtoto anapumua haraka kupita kawaida akifikisha:
- pumzi 60 au zaidi, kama hajatimiza miezi 2;
- pumzi 50 au zaidi, kuanzia miezi 2 hadi asiyetimiza mwaka;
- pumzi 40 au zaidi, kuanzia mwaka 1 hadi asiyetimiza miaka 5.

Akifikisha hapo, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mpeleke pia mara moja, hata kama ni usiku, ikiwa sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, anashindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri. Usisubiri kuona kama kijiko kingine kitasaidia, wala usimpe vidonge vilivyobaki nyumbani.

Na kwa mtu mzima, kikohozi kikifika wiki mbili, au kikitoka na damu, au kikiambatana na kukonda na jasho la usiku, nenda ukapime makohozi. Shira inaweza kulainisha koo huku kifua kikuu kikiendelea ndani na kuwafikia wengine mnaolala nyumba moja. Kifua kikuu kinatibika, na katika vituo vya serikali nchini Tanzania na Kenya dawa zake hutolewa bila malipo.