Nyota Tano za Shangazi Hazikuuzii: Jinsi ya Kusoma, Kuomba na Kutoa Maoni Mtandaoni

Leo tuongee kuhusu nyota. Zile nyota moja mpaka tano mteja anazokupa kwenye Google Maps, zile wageni wanazozipa hoteli na boti kule Tripadvisor, na hata zile skrinshoti za "dada mzigo umefika mashaallah" tunazobandika Instagram na kwenye stetasi ya WhatsApp. Kazi yake ni moja: aliyekwisha nunua anamsaidia ambaye bado hajanunua.

Kwa sisi wa maduka madogo hili si jambo la mapambo. Mtaalamu mmoja aliyekuwa Chuo Kikuu cha Harvard, Michael Luca, alichunguza migahawa ya Seattle, Marekani, kwenye mtandao wa Yelp. Aliona nyota moja ikiongezeka, mapato yanapanda kwa asilimia 5 mpaka 9. Na faida hiyo ilikwenda kwa migahawa ya watu binafsi, siyo ile yenye matawi na majina makubwa. Ukifikiria, ina maana. Jina kubwa mtu analijua tayari. Wewe na mimi hatujulikani, kwa hiyo mteja anatazama wenzake wamesema nini.

Sasa hapo ndipo tamaa inapoingia. Tunataka tano tupu. Nataka tuelewane leo kwamba nyota inayokuletea mteja ni ile inayoaminika, hata kama siyo tano. Ya kupikwa inaonekana nzuri leo, kesho inakutoa.

NYOTA ZINAPINDA WAPI?

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kila anayeweka nyota ana upande wake. Ukijua pande hizi hutobabaika ukisomwa, wala hutodanganyika ukisoma.

1. Nyota za nyumbani.
Duka limefunguliwa wiki hii, tayari lina tano nane. Shangazi, binamu, uliyesoma naye skuli, jirani. Hawana nia mbaya, wanakupenda. Lakini hakuna aliyesema alinunua nini, na wote wameandika siku mbili hizohizo. Mteja wa Dar akiona hivyo anajua ni ukoo, anafunga ukurasa.

2. Wanaoongea ni wa pembeni.
Aliyefurahi sana anaandika. Aliyekasirika sana anaandika. Aliyepata mzigo wake vizuri, kawaida tu, anaendelea na maisha yake. Watafiti walioangalia maoni ya Amazon waliona umbo hilohilo: tano nyingi sana, moja chache, katikati karibu patupu. Kwa hiyo nyota hazikuonyeshi wateja wako wote. Zinakuonyesha waliopata sababu ya kushika simu.

3. Lawama isiyokuhusu.
Bahari imechafuka, boti imechelewa, mzigo umefika Dar kesho yake. Nyota moja, kwako. Sabuni yenyewe hata hajaifungua.
Na huku kwetu Fumba kuna jambo la majina. Safari za boti za Ghuba ya Menai kwenda fungu la mchanga na Kisiwa cha Kwale, wengi wanaziuza kwa jina moja, "Safari Blue", hata wasiokuwa na uhusiano na kampuni yenye jina hilo. Mgeni akinunua pwani kwa mtu mwingine kisha akaboreka, nyota zake zinaweza kutua kwenye ukurasa wa asiyehusika. Ndiyo maana nasema jina la duka lako lisifanane na la mtu, na liwe lilelile Instagram, Google na kwenye kifungashio.

4. Kipimo kisicho chake.
Umeuza ndala za shilingi 8,000, mteja anaandika "siyo ngumu kama za ngozi". Ni kweli siyo ngumu kama za ngozi. Hazikuuzwa kama za ngozi. Kitu kinapimwa kwa bei yake na kwa kilichoahidiwa.

5. Woga na kisasi.
Hii watu hawaifikirii. Zamani kwenye eBay muuzaji na mnunuzi walikuwa wanapeana alama wote wawili. Mnunuzi akawa anaogopa kusema ukweli asije naye akaandikwa vibaya. Mwaka 2008 eBay wakaondoa uwezo wa muuzaji kumpa mnunuzi alama mbaya. Airbnb mwaka 2014 walitumia njia nyingine: maoni ya mgeni na ya mwenye nyumba hayaonekani mpaka wote wawili waandike, au siku 14 zipite. Somo ni moja: mtu akikuogopa, nyota zake hazina maana. Na sisi je? Ukimtukana mteja mmoja kwenye komenti, mia waliobaki wameshajifunza kunyamaza. Watakaa kimya na watanunua kwingine.

HESABU YA DUKA DOGO

Duka lako lina maoni manne, yote tano. Wastani 5.0. Anakuja mtu mmoja na nyota moja. Jumla 21, gawa kwa watu 5, unapata 4.2. Mtu mmoja tu amekushusha hivyo!

Duka lenye maoni 40, yote tano, likipata mtu huyohuyo linashuka mpaka 4.9. Halisikii kitu.

Sasa wewe wa 4.2 unataka kupanda. Wateja watatu wakikupa tano unafika 4.5. Kufika 4.8 unahitaji kumi na tano. Kwa hiyo dawa ya nyota moja siyo kugombana nayo usiku kucha. Dawa ni wateja wa kweli wengi zaidi waseme ukweli wao.

KWA NINI USINUNUE NYOTA

Kuna watu wanakuja inbox: "Boss, tunaweka tano hamsini kwa bei poa." Kabla hujajibu, sikia haya.

Mwaka 2017 kijana mmoja London, Oobah Butler, aliliandikisha banda la bustanini kwake kwenye Tripadvisor kama mgahawa. Mgahawa haukuwepo. Picha za chakula alipiga kwa povu la kunyolea ndevu, na moja ilikuwa ni kisigino cha mguu wake. Marafiki wakaandika sifa. Baada ya miezi sita hivi, banda likawa namba moja London nzima, juu ya migahawa zaidi ya 18,000. Watu wakapiga simu kuomba meza. Butler alikuwa anafanya makusudi kuonyesha nyota zinavyopikika, lakini tokea hapo wateja wengi wamejifunza kutilia shaka ukurasa usiokuwa na doa hata moja.

Luca yule niliyemtaja, pamoja na mwenzake Georgios Zervas, walichunguza pia maoni ya migahawa ya Boston. Karibu asilimia 16 yalikuwa yamechujwa na Yelp kwa kutiliwa shaka. Na waliona anayevutika zaidi kudanganya ni yule mwenye jina dhaifu au aliyebanwa na washindani. Yaani sisi wadogo ndio tuko karibu na mtego.

Na sheria zimeamka. Marekani kanuni ya kuzuia maoni ya uongo ilianza kufanya kazi Oktoba 2024, na faini yake inaweza kupita dola 50,000 kwa kosa moja. Uingereza wakafuata Aprili 2025. Huku kwetu, kumpotosha mteja kibiashara ni kosa: Bara kuna Sheria ya Ushindani ya 2003 na tume yake ya FCC, Zanzibar tuna sheria yetu ya 2018 na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, ZFCC. Ukiacha sheria, Google wenyewe wanakataza kujipa nyota, kulipia nyota, na kutoa zawadi ili upewe nyota. Wakikugundua wanaweza kufuta maoni, hata ya kweli yaliyochanganyika humo. Umelipa pesa yako, umerudi sifuri.

ADABU YA KUOMBA MAONI

Mimi nauza sabuni za mwani na mafuta ya nazi, na utaratibu wangu ni huu. Mzigo ukifika nasubiri siku tatu nne mteja atumie kwanza. Kisha namwandikia:

"Assalamu alaykum dada. Sabuni umeionaje? Ukipata nafasi tuandikie kidogo: ulichukua ipi, imekufaa au haikukufaa, na mzigo ulichukua siku ngapi. Sema ukweli wako, inatusaidia sisi na mwenzako anayekuja."

Tazama nilichofanya. Sijamwambia "nipe tano". Nimempa maswali matatu ya kujibu. Maoni yanayosema "nilichukua ya mwani, ngozi yangu kavu, harufu sikuipenda sana lakini imenifaa, Mwanza siku nne" yanauza kuliko "nzuri sana" ishirini. Mteja mwenye ngozi kavu wa Mwanza amepata jibu lake.

Mambo mengine:
• Waombe wote, siyo wale unaojua walifurahi tu. Kuchagua wa kuwaomba nako ni kupika.
• Zawadi usifungishe na nyota. Ukitaka kutoa ofa, toa kwa kila aliyenunua, aandike asiandike.
• Skrinshoti: omba ruhusa, ficha jina, namba na picha. Usikate sentensi. Mteja kasema "nzuri ila imechelewa", wewe unabandika "nzuri". Huo ni uongo.
• Shangazi akitaka kusaidia, mwambie asambaze posti. Nyota waachie walionunua.
• Usifunge komenti kila ukiona lawama. Watu wanaona, na wanajiuliza unaficha nini.

ADABU YA KUJIBU LAWAMA

Umepata nyota moja. Pumua. Usijibu saa hiyohiyo. Kisha jiulize: kasema kweli? Kuna njia tatu.

Kasema kweli: "Pole sana kaka. Ni kweli chupa ilikuwa imevuja. Nimekutumia ujumbe tukubadilishie leo." Basi. Usilete hadithi ndefu. Ukishamaliza tatizo, usimlazimishe abadilishe nyota. Akitaka atabadilisha mwenyewe.

Kosa si lako: "Pole kwa usumbufu. Boti ya siku ile ilichelewa kwa hali ya bahari. Sasa tunatoa taarifa mapema ikitokea." Umeeleza bila kumlaumu mtu.

Si mteja wako kabisa: "Samahani, hatuoni oda kwa jina hili. Tafadhali tuandikie namba ya oda tuangalie." Kisha ripoti kwa mtandao wenyewe ukiwa na ushahidi. Usiwatume mashabiki wakamshambulie.

Kumbuka jibu lako hamwandikii yule aliyekasirika peke yake. Unawaandikia wanaosoma mwezi ujao wakiwa na pesa mkononi.

NA WEWE UKIWA MTEJA

Hapa ndipo wengi tunasahau. Sisi pia tunanunua: kwa wa jumla Kariakoo, kwa mtengeneza vifungashio, kwa bodaboda. Mpe mwenzako haki unayoitaka wewe.

• Kama hujanunua, usiandike. Kusikia si kununua.
• Kama ni ndugu yako au mshindani wako, kaa pembeni.
• Mwambie kwanza mwenyewe faragha, mpe muda atengeneze. Akipuuza, andika.
• Andika ulichonunua, lini, bei gani, kilichoahidiwa na kilichofika. Mtu usimtukane, sema bidhaa.
• Nyota tatu si matusi. "Ya kawaida, imefaa kwa bei yake" ni msaada mkubwa.
• Usitishie: "nipunguzie au nakupa moja". Huo ni ukaba.
• Akirekebisha, rudi uongeze mstari useme karekebisha. Kuacha lawama ya zamani ikae wakati tatizo limekwisha nako ni dhulma.

KAZI YA WIKI HII

Fungua ukurasa wako kama vile humjui mwenye duka. Soma maoni kumi ya mwisho. Hesabu mangapi yanasema kitu alichonunua mtu. Kama hayafiki matatu, una nyota lakini bado huna ushahidi. Waandikie wateja watano wa mwezi uliopita yale maswali matatu.

Kisha mtafute mfanyabiashara mdogo mmoja aliyekuhudumia vizuri, mwandikie maoni ya kweli leo. Kachukua dakika zako mbili tu, lakini kwa mwenye maoni manne, hayo yako ni moja ya tano ya jina lake.

Mmepata nyota gani iliyowauma, na mlijibuje? Niandikie hapo chini, bila kutaja jina la mteja. Na mtumie mwenzako anayetaka kununua "tano hamsini".