Skrini kuukuu, kompyuta mpya: Kwa nini adapta nyingine hazifanyi kazi

KATIKA shule nyingi za upili, makanisa na ofisi za vyama vya ushirika humu nchini zipo skrini na projekta ambazo zimetumika kwa miaka kumi na zaidi bila hitilafu yoyote. Siku moja kompyuta iliyokuwa ikiziendesha inaharibika, inanunuliwa nyingine mpya, na hapo ndipo matatizo huanza. Kebo ya projekta ina kichwa kipana chenye pini 15 na skurubu mbili, ilhali kipakatalishi kipya kina matundu membamba matatu tu ubavuni, na hakuna hata moja linalolingana na kebo hiyo.

Kinachofuata aghalabu huwa mojawapo ya mambo mawili. Ama projekta inatiwa stoo na pesa za wazazi kutafutwa upya ili nyingine inunuliwe, ama mtu anatumwa mjini kununua adapta, naye anarudi na kitu kinachoingia barabara pande zote mbili lakini kisichoonyesha chochote. Mwalimu hulaumu projekta, fundi hulaumu kipakatalishi, na muuzaji hushikilia kwamba bidhaa yake ni nzima. Huenda wote watatu hawajaelewa kwamba kilichonunuliwa hakikuweza kufanya kazi hiyo tangu kilipotoka kiwandani.

Neno lenyewe adapta ndilo linalotatiza. Katika lugha ya madukani, adapta ni chaja ya kipakatalishi, ni kile kiplagi cha kuunganisha pini za Ulaya na soketi zetu, na pia ni chochote chenye vichwa viwili visivyofanana. Kwa ajili ya makala haya tutenganishe vitu viwili. Adapta ni kifaa kinachobadilisha umbo la kichwa cha kebo tu: kinachopita ndani yake kinatoka jinsi kilivyoingia. Kigeuzi ni kifaa chenye chipu ndani yake, kinachopokea ishara za aina moja na kutoa za aina nyingine. Kwa macho vifaa hivi vyaweza kufanana kama mapacha.

Wakenya wanaielewa tofauti hii, hata kama hawakuifikiria kwa njia hiyo. Mwaka wa 2015, matangazo ya televisheni yalipohama kutoka mfumo wa analogi hadi wa dijitali, mwenye televisheni ya zamani hakuambiwa abadilishe waya wa antena. Aliambiwa anunue king'amuzi. Televisheni yake haikuwa imeharibika, ila matangazo yalikuwa yakija kwa lugha asiyoijua, na ikabidi pawepo mkalimani katikati. Hali ya skrini ya zamani mbele ya kompyuta mpya ni hiyo hiyo.

Tundu lile la pini 15 linaitwa VGA, na lililetwa na kampuni ya IBM mnamo 1987. Lilibuniwa wakati skrini zote zilikuwa za bomba kubwa la kioo, nalo hupeleka picha kwa njia ya analogi: waya mmoja wa rangi nyekundu, mmoja wa kijani, mmoja wa samawati, na kiwango cha umeme katika kila waya hupanda na kushuka kadiri rangi inavyokolea au kufifia. Baadaye zikaja njia za dijitali, ambazo hupeleka picha kwa tarakimu: DVI mnamo 1999, HDMI ambayo kanuni zake zilitolewa 2002, na DisplayPort mnamo 2006. Mnamo Desemba 2010 kampuni kadhaa kubwa, zikiwemo Intel, AMD, Dell na Lenovo, zilitangaza mpango wa kuachana na VGA, na 2015 ukatajwa kuwa mwaka wa kuiondoa katika bidhaa zao. Ndiyo maana kompyuta nyingi zinazouzwa sasa hazina tundu hilo kabisa.

Basi mtu anaponunua kebo yenye kichwa cha HDMI upande mmoja na cha VGA upande wa pili, swali la kwanza si kama vichwa vinaingia. Swali ni kama ndani mna chipu ya kugeuza tarakimu kuwa mkondo wa analogi. Zipo kebo sokoni ambazo hazina kitu ndani ila nyaya. Hizo hazitaonyesha picha kwenye projekta yako hata ukibadilisha kompyuta mara kumi, na bei yake ya chini haipaswi kumvutia mtu. Kwa kuwa jicho haliwezi kuona kilicho ndani ya plastiki, njia salama ni kwenda dukani na kipakatalishi chenyewe na kuomba kijaribiwe kwenye skrini ya VGA kabla ya kulipa. Muuzaji anayekataa jaribio la dakika mbili amekwisha kukujibu.

Mwelekeo nao ni muhimu. Kigeuzi cha kutoka HDMI hadi VGA hakifanyi kazi kinyumenyume. Aliye na kompyuta ya zamani yenye VGA na anayetaka kuiunganisha na televisheni mpya anahitaji kifaa kingine kabisa, kinachogeuza analogi kuwa tarakimu. Kwa hiyo dukani usiombe "HDMI na VGA". Sema picha inatoka wapi na inakwenda wapi.

Kuna mahali ambapo adapta tupu inatosha. HDMI na DVI ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa ishara za picha ni zile zile na kichwa ndicho kilichobadilika. Skrini bapa nyingi zilizotumika ofisini kabla ya HDMI kuenea zina tundu jeupe la DVI kando ya lile la buluu la VGA. Mwenye skrini ya namna hiyo asihangaike na kigeuzi. Kebo ya kawaida ya HDMI hadi DVI itamtosha, na picha itakuwa safi kuliko ile inayopitia VGA kwa sababu haigeuzwi njiani. Kabla ya kwenda dukani, basi, igeuze skrini utazame matundu yote yaliyo nyuma yake.

DVI yenyewe ina sura mbili ambazo zimewapotosha mafundi wengi. Lile tundu la kompyuta lenye vishimo vinne vidogo kuzunguka ufa bapa wa kando hubeba dijitali na analogi pia, hivyo adapta ndogo ya kwenda VGA hufanya kazi. Lile lenye ufa pekee bila vishimo vinne ni la dijitali tupu. Ukiona mtu akivunja pini ili adapta iingie kwa nguvu, mzuie.

Vipakatalishi vya karibuni vimeleta utata mpya kupitia tundu la USB-C, lile dogo lenye umbo la yai ambalo kichwa chake huingia upande wowote. Lilipotolewa mnamo 2014 wengi walidhani lingemaliza matatizo ya kebo. Umbo ni moja kweli, lakini uwezo si mmoja. USB-C nyingine hubeba picha, nyingine hupeleka data na kuchaji tu. Tafuta karibu na tundu alama ya herufi D iliyokumbatia P, au mchoro wa radi, au usome kijitabu cha kompyuta. Kama tundu halitoi picha, kigeuzi cha kawaida hakitakusaidia. Kuna vifaa vya aina nyingine, vinavyotumia teknolojia ya DisplayLink, ambavyo hupitisha picha kama data kwenye USB ya kawaida, ila lazima programu yake iwekwe kwenye kompyuta kwanza. Kwa hati na mafunzo ya darasani vinafaa. Kwa michezo ya kompyuta siwezi kuvipendekeza.

Tuseme sasa kigeuzi sahihi kimepatikana, kimeunganishwa, na bado skrini ni nyeusi. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi P, kisha uchague picha ionekane kwenye skrini zote mbili. Kama picha inaonekana na kupotea, huenda kigeuzi kinakosa nguvu, kwa maana tundu la HDMI hutoa umeme kidogo mno. Vigeuzi vingine vina kitundu cha pembeni cha kuongezea umeme wa USB, na hivyo ndivyo vya kununuliwa kwa projekta iliyofungwa darini huku kebo yake ndefu ikiwa imepitishwa ukutani.

Skrini ikiandika kwamba ishara zimepita kiwango chake, kompyuta inatuma picha yenye vitone vingi kuliko inavyoweza kuonyesha. Kwa kawaida skrini huiambia kompyuta uwezo wake kupitia pini maalumu za kebo. Kebo duni hukosa pini hizo, na kompyuta hubaki kukisia. Weka mwenyewe kipimo cha 1024 kwa 768, ambacho takriban kila skrini ya VGA hukikubali, kisha upandishe polepole. Skrini bapa za inchi 17 zenye umbo linalokaribia mraba huonyesha vizuri zaidi kwa 1280 kwa 1024.

Sauti haipiti kwenye VGA. Kigeuzi chenye kitundu cha vipokea sauti kitakuwezesha kuunganisha spika, mradi ndani ya kompyuta uchague sauti itokee HDMI. Na kama filamu ya kulipiwa inakataa kuonekana ilhali hati na picha zako zinaonekana, si ugonjwa. Filamu hizo zimewekewa kinga dhidi ya kunakiliwa, na kinga hiyo haikubali njia ya analogi.

Nje ya skrini, kanuni ni ile ile ingawa vifaa ni tofauti. Kibodi na vipanya vya kale vina kichwa cha mviringo, cha zambarau kwa kibodi na cha kijani kwa kipanya. Kile kiadapta kidogo kilichokuwa kikitolewa bure katika boksi la kipanya hakina chipu. Kilifanya kazi kwa sababu kipanya hicho kilijua lugha zote mbili. Ukikitumia kwa kibodi nyingine, huenda isitambuliwe. Hapo pia panahitajika kigeuzi.

Wafanyabiashara wanaotumia printa za sindano, zile za kelele zinazochapa nakala tatu kwa karatasi ya kaboni, wana sababu nzuri ya kutoziacha. Nyingi zina tundu pana la pini 36. Kebo ya kutoka USB hadi tundu hilo inapatikana, na Windows huiona printa bila matata makubwa. Tatizo ni programu ya hesabu ya enzi za DOS, ambayo hutuma kazi moja kwa moja kwenye mlango uitwao LPT1. Kebo ya USB haiundi mlango huo. Fundi anayejua kazi yake ataifanya printa iwe ya kushirikishwa kwenye mtandao, kisha aelekeze LPT1 kwenye jina lake kwa amri ya net use. Duka zima laweza kuokolewa na mstari huo mmoja, na kabla ya kununua programu mpya ya hesabu ningejaribu hilo kwanza.

Mizani ya kielektroniki, mashine za rejista na vifaa vya mitandao mara nyingi hutumia tundu la pini tisa. Vigeuzi vyake vya USB vimejaa sokoni, na chipu bandia nazo zimejaa. Mwezi Oktoba 2014 kampuni ya FTDI, ambayo chipu zake huigwa sana, ilitoa programu kupitia Windows iliyozizima chipu bandia, na watu waliokuwa wamenunua bila kujua wakaamka vifaa vyao havitambuliki. Programu hiyo iliondolewa upesi baada ya malalamiko. Anayetegemea mizani kwa riziki yake ya kila siku asinunue kigeuzi cha bei ya chini kupita zote.

Yapo yasiyoweza kutatuliwa na kigeuzi chochote. Skana ya USB ya miaka ishirini iliyopita itaingia kwenye kompyuta mpya bila adapta, lakini kama mtengenezaji hakuandika programu yake kwa Windows za sasa, haitafanya kazi. Kabla ya kuitupa, ijaribu kwenye kompyuta inayotumia Linux, kwani mfumo huo bado unazitambua skana nyingi zilizoachwa na watengenezaji.

Nazo skrini zile za bomba, ingawa kigeuzi kitazifufua, zafaa kupigiwa hesabu ya umeme. Hula umeme mara kadhaa zaidi ya skrini bapa ya ukubwa huo huo, na kwa chumba chenye skrini ishirini tofauti hiyo itaonekana kwenye bili. Ukiamua kuachana nayo, usiivunje wala kuwapa watoto wa mtaani waichome kwa ajili ya shaba. Kioo chake kina risasi, madini yenye sumu hasa kwa watoto, na bomba lenyewe halina hewa ndani hivyo hupasuka kwa nguvu likigongwa. Ipeleke kwa wanaoshughulikia taka za kielektroniki, kama vile Kituo cha WEEE jijini Nairobi, ikiwa nzima na kebo yake.