Kadi 84 zinazochuja

Ndani ya boksi la Dixit, mchezo wa mezani uliotoka Ufaransa mwaka 2008, mna kadi 84 za picha, sungura wa mbao wa kuhesabia pointi, na kanuni ambazo mtu huzimaliza kuzisoma chai haijapoa. Mchezaji wa zamu huchagua kadi mkononi mwake na kutamka neno au sentensi inayoendana nayo. Wenzake nao hutoa kimyakimya kadi wanazoona zinashabihiana na neno hilo, zinachanganywa, zinafunuliwa, kisha kura zinapigwa kutafuta ipi ni ya msemaji. Tuseme picha ni ya konokono aliye chini ya ngazi ndefu. Msemaji akitamka "konokono", wote wanaipata na yeye anaambulia sifuri. Akitamka jambo analolijua peke yake, hakuna anayeipata, sifuri tena, na mara zote mbili wenzake wanajizolea pointi mbili kila mmoja. Akisema "Jumatatu asubuhi", pengine wawili watang'amua na watatu watapotea, na hapo ndipo anapopata tatu zake. Anayechagua jina la kanga anaijua hesabu hii: fumbo limfikie mlengwa, lisiwe wazi kwa mtaa mzima.

Utaratibu huo ulibuniwa na Jean-Louis Roubira, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto, na picha za kwanza zilichorwa na Marie Cardouat. Mchapishaji ni Libellud, kampuni ya Poitiers iliyoanzishwa na Régis Bonnessée. Naona kampuni hiyo imeishi kwa jambo ambalo mtengenezaji wa sufuria angelihesabu kuwa kasoro: bidhaa yake huchuja mikononi mwa mteja, hata kama karatasi bado ni mpya. Fuata hesabu. Wachezaji sita hugawiwa kadi sita sita, yaani 36, na zinabaki 48. Kila mzunguko unamaliza sita, hivyo rundo linaisha baada ya mizunguko minane, na kadi zaidi ya nusu zimeshalala mezani mbele ya macho ya wote. Baada ya jioni chache, yule konokono ana historia. Kila mtu anakumbuka nani alimwita Jumatatu, na fumbo limekuwa jina. Dawa ni picha nyingine, na Libellud imekuwa ikiziuza mara kwa mara tangu 2010, kadi 84 kwa pakiti, huku wachoraji wakibadilishwa: Pierô, Xavier Collette, Clément Lefevre, Franck Dion na wengineo. Kanuni haziguswi. Gharama ya kubuni mchezo ililipwa mara moja, lakini mteja anarudi dukani.

Atakayebisha atasema kilichofanya kazi ni tuzo. Kweli, mwaka 2010 Dixit ilishinda Spiel des Jahres ya Ujerumani, na nembo ya tuzo hiyo kwenye boksi huwavuta hata wanunuzi wasiojua michezo. Lakini nembo huuza boksi la kwanza. Anayenunua pakiti ya nne hahitaji kushawishiwa na jopo la majaji. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la kisheria: hakimiliki kwa kawaida hulinda mchoro na maandishi, haimzuii mtu kuiga namna ya kucheza. Yeyote anaweza kukata picha za magazeti ya zamani akacheza bila kulipa hata senti. Hilo halipingiki, na ndilo linaloonyesha fedha inalipia nini. Picha ya gazeti husema jambo moja. Ya Cardouat ina milango mitano, na kila kadi katika rundo lazima iweze kushindania neno lolote. Leo kompyuta inachora kwa sekunde, hivyo mchoro wenyewe utazidi kuwa rahisi. Kazi ya kuchagua 84 zinazogombana vizuri, na kuzitupa nyingine, bado inataka jicho la mtu.

Kuna faida nyingine isiyoonekana haraka. Kadi hazina maandishi. Scrabble ikihamia lugha nyingine lazima idadi ya herufi na thamani zake zipangwe upya, na mchezo wa maswali huandikwa karibu wote upya. Hapa kadi zilezile zinatosha kwa soko la kila lugha, na kinachotafsiriwa ni kijitabu tu. Picha zenyewe, bila shaka, zimejaa ndoto za Kizungu, zenye majumba na misitu ya hadithi zao. Hata hivyo neno hutoka kinywani mwa mchezaji, na aliyekulia hadithi za Abunuwasi atampa konokono jina ambalo mtu wa Poitiers hakulifikiria.

Hatari iko kwa wenye mali. Libellud iliingia kwenye kundi la wachapishaji wa michezo la Asmodee mwaka 2020. Kampuni ya Embracer ya Sweden ikalinunua kundi hilo kwa yuro bilioni 2.75, dili lililokamilika 2022, na kabla ya kuachiwa lijitegemee kwenye soko la hisa la Stockholm mwaka 2025 lilibebeshwa mkopo wa yuro milioni 900. Mwenye deni hupenda majina yanayojiuza, na toleo la Disney lilishatoka 2023. Kibiashara si jambo la ajabu. Ila mhusika ambaye kila mtoto anamjua huja mezani na hadithi yake tayari, na msemaji anabaki kutafuta neno ambalo halitawafanya wote wanyooshee kidole kadi ileile. Wakifanya hivyo, kanuni za mwaka 2008 zinampa sifuri.