Ukitafuta matairi ya foo-wili inayovuta boti, anza na trela

Kusi likianza kulegea, wenye boti kuanzia Shimoni hadi Ngomeni hukumbuka matrela yaliyokaa chini ya miembe tangu Aprili. Boti hupakwa rangi, injini hufanyiwa sevisi, nyavu hushonwa. Matairi huangaliwa mwisho, na mara nyingi huangaliwa kwa teke: yakirudisha mguu, basi safari ipo. Mimi huvuta boti za watu kwa malipo kati ya Mtwapa, Kilifi na Malindi, mara mojamoja hadi Kipini, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: nina pesa za kubana, ninunue matairi gani ya foo-wili yangu?

Jibu langu huwaudhi wengi kwa sababu sitaji jina la kampuni. Mimi huuliza kwanza trela limevaa nini.

Chukua mfano wa boti ya faiba ambayo pamoja na injini, mafuta, nanga na trela lenyewe ina uzito wa kilo 1,500. Boti ikikaa vizuri kwenye trela, karibu sehemu moja ya kumi ya uzito huo, yaani kilo 150, hulalia chuma cha kuvutia kilicho nyuma ya gari. Zinabaki kilo 1,350. Kama trela lina ekseli moja, kila tairi linabeba kilo 675. Sasa inama usome ubavu wa tairi. Ukikuta pameandikwa 185/70R14 88T, hilo ni tairi la gari dogo, na ile 88 ndiyo namba ya uzito. Si kilo 88. Ni namba ya jedwali la kimataifa, na maana yake ni kilo 560. Kwa hiyo tairi limezidiwa kwa kilo 115 kabla gari halijatoka uani, kabla ya shimo la kwanza, na kabla shemeji hajatupia makasha mawili ya barafu ndani ya boti.

Matrela ya namna hiyo nimeyaona mengi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mwenye boti huvisha trela matairi yaliyotolewa kwenye gari dogo kwa sababu rimu inaingia na yapo bure nyuma ya nyumba. Yanayofaa ni yale ya matatu na pikapu, yenye herufi C baada ya saizi, kwa mfano 195R14C 106/104. Hiyo 106 ni kilo 950. Namba ya pili, 104, ni kilo 900, na huhusu magari yanayovaa matairi mawilimawili kila upande wa nyuma, kwa hiyo kwa trela lako soma ile ya kwanza. Tairi hili ni refu kidogo kuliko lile la gari dogo, hivyo pima nafasi chini ya madigadi kabla ya kulipa, na muulize fundi kama rimu zako zinastahimili upepo mwingi ambao matairi ya C hutaka. Bei ya mawili haya ni ndogo ukilinganisha na injini moja ya boti. Na kaskazini mwa Kilifi, ambako barabara ni njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, trela likipasuka tairi huyumba kuelekea upande wa anayekuja. Anayekuja mara nyingi ni matatu iliyojaa.

Kama hujui uzito wa boti yako, usiubuni. Ivute hadi kwenye mizani ya magari, hata ile ya wanunuzi wa vyuma chakavu, upime gari na trela pamoja, kisha upime gari peke yake.

Sasa tuje kwenye gari. Zile kilo 150 zinazolalia chuma cha nyuma hazigawanyiki sawa kwa matairi manne. Chuma kiko nyuma ya ekseli, kwa hiyo hufanya kazi kama mtaimbo: kinashusha nyuma na kuinua mbele. Kwenye Prado, ambapo kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni kama mita 2.8, na tuseme kichwa cha kuvutia kiko mita 1.1 nyuma ya ekseli, kilo 150 huwa karibu kilo 210 kwenye ekseli ya nyuma, na mbele hupungukiwa na karibu kilo 60. Ndiyo maana usukani huwa mwepesi unapovuta, na ndiyo maana matairi ya nyuma huisha haraka.

Hata hivyo, usikimbilie dukani kutafuta tairi la lori. Tuseme ekseli ya nyuma ya Prado hiyo ilikuwa imebeba kilo 1,500 pamoja na abiria na mizigo. Ongeza 210, gawa kwa mbili, unapata kilo 855 kwa kila tairi. Tairi la kawaida la 265/65R17 lenye namba 112 hubeba kilo 1,120. Nafasi ipo, na inabaki. Muuzaji atakayekuambia kwamba kwa sababu unavuta boti lazima ununue yale mazito ya plai 10 anakuuzia kitu ambacho uzito wako haukidai.

Plai 10, ambayo kwenye tairi huandikwa Load Range E, ina faida yake, lakini iko mahali pengine: ubavu. Ukipita njia za mawe ya matumbawe, zile za kushuka ufuoni nyuma ya mashamba ya makonge au za ndani kuelekea Kipini, jiwe haligusi meno ya tairi, linakata ubavu. Hapo tairi lenye herufi LT mwanzoni, ambalo limetengenezwa kwa magari ya kazi, litakuokoa. Gharama yake ni kwamba ni zito, linakula mafuta zaidi, linarukaruka gari likiwa tupu, na linataka upepo mwingi. Hili la upepo watu wengi hawaambiwi. Tairi la LT likijazwa psi 35 hubeba uzito mdogo kuliko tairi la kawaida la saizi ileile likiwa na psi hizohizo. Uwezo ule mkubwa ulioandikwa ubavuni, kwa Load Range E, unapatikana kwa psi 80. Sisemi ujaze 80. Nasema ukinunua matairi mazito kisha ukaendelea na upepo wa zamani ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, umelipa zaidi ili ubebe kidogo. Muombe muuzaji jedwali la upepo na uzito la tairi hilo. Akikosa kujua unachozungumzia, nenda duka la pili.

Kwa upande wa meno, herufi ni tatu. H/T ni la lami, A/T ni la lami na vumbi, M/T ni la matope. Kwa mtu anayevuta boti hapa Pwani, M/T ni fahari tu. Linavuma kama pangaboi, linaisha haraka kwenye lami, na lami yenye maji halishiki vizuri. Kama safari zako ni Mtwapa hadi Watamu na boti unaishusha kwenye njia ya zege, chukua H/T na pesa zinazobaki uzipeleke kwenye trela. Kama unashusha mchangani au unaingia njia za ndani, A/T ya kiasi inatosha. Mchanga wenyewe haujali sana meno, unajali upepo. Shusha hadi psi 18 hivi, za gari na za trela pia, tairi litandazike, nawe utapita mahali ambapo mwenzako mwenye meno ya simba amezama hadi kwenye ekseli. Lakini ukitoka mchangani, jaza kabla ya kushika lami. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri ni sehemu ya bei ya matairi, ihesabu humo.

Tairi rahisi ni lipi, basi? Fanya hesabu kwa kilomita. Tuseme moja linauzwa shilingi 18,000 na linakufikisha kilomita 35,000, na jingine ni shilingi 28,000 na linafika kilomita 60,000. La kwanza linakugharimu senti 51 kila kilomita, la pili senti 47. Tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kama gari lako linatembea kilomita 6,000 tu kwa mwaka, la pili litazeeka kwa jua la Pwani kabla halijaisha meno, na hapo la bei ya chini ndilo la busara. Mwenye teksi ya watalii anayekwenda Tsavo kila wiki ana hesabu tofauti kabisa. Kwenye matairi mengi yasiyo ya LT kuna neno TREADWEAR na namba, mfano 300 au 500. Namba kubwa inadai kwamba mpira unachelewa kuisha. Kila kampuni hujipimia yenyewe, kwa hiyo itumie kulinganisha matairi ya kampuni moja, si ya kampuni mbili.

Zamani mambo haya yalikuwa rahisi zaidi, mtu alinunua Yana na kwenda zake. Kiwanda cha Nairobi kilisimamisha kazi mwaka 2016, na leo rafu zimejaa majina ambayo hata muuzaji huyatamka kwa wasiwasi. Jina geni si kasoro. Kasoro ni tairi lisilo na namba ya uzito inayosomeka, lisilo na risiti, na lisilo na tarehe.

Tarehe ndiyo penye ujanja mwingi. Tafuta herufi DOT, kisha tarakimu nne za mwisho ndani ya kiboksi cha mviringo. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine zimeandikwa upande mmoja tu, na upande huo huwekwa ndani, kwa hiyo zitazame kabla tairi halijafungwa. Katika duka moja mjini Mombasa niliambiwa, “Kaka, hili ni jipya kabisa, hata nailoni hatujatoa.” Nailoni ilikuwepo kweli. Tairi lilikuwa na miaka mitano. Mpira huzeeka hata ukiwa umefungwa, na ukihifadhiwa kwenye joto huzeeka mbio. Mimi silipi bei ya jipya kwa tairi lililopita miaka miwili, likipita sita nalitazama kwa mashaka hata kama lina meno, na miaka kumi ni mwisho wa mjadala. Matairi ya trela hufa kwa umri kuliko kwa kuisha, maana hukaa yamebeba boti mahali pamoja miezi mitano. Nyufa ndogondogo kama za udongo wa kiangazi ubavuni ni dalili tosha. Likipumzika, liinue trela juu ya matofali na uyafunike matairi, hata kwa gunia.

Kwa matairi ya mtumba nina onyo moja ambalo ni letu sisi wa mji wa bandari. Magari mengi yanayoshuka hapa kutoka Japan huja yamevaa matairi ya theluji. Meno yake ni mengi, yamejaa mikato myembamba kama ya kisu, na ubavuni mara nyingi utaona neno STUDLESS au alama ya mlima wenye chembe ya theluji. Yanaonekana mapya na yanauzwa kwa bei ya kuvutia. Mpira wake ni laini kwa makusudi, ili ushike barafu. Kwenye lami ya Mariakani saa saba mchana unalegea, unaisha upesi, na ukivuta mzigo gari hutembea kama limelewa. Hata ukipewa bure, usiyafunge.

Kama pesa zinatosha mawili tu, mapya yafungwe nyuma, kwa sababu gari linalovuta likipoteza nyuma halirudi. Hilo ni sawa kwa Hilux au Land Cruiser ya kazi, ambayo mbele huvuta pale tu unapoiamuru. Prado ni tofauti. Inaendesha magurudumu yote manne wakati wote, na ikivaa mawili mapya na mawili yaliyoisha, vimo havilingani na difu ya katikati hufanya kazi bila kupumzika. Kwa Prado, nunua manne au uvumilie hadi uyapate, kisha uyazungushe mbele na nyuma kila baada ya kilomita 10,000.

Upepo upimwe asubuhi, matairi yakiwa baridi, kwa geji yako mwenyewe. Baada ya saa moja ya kuvuta, pima tena. Kupanda kwa psi 4 hivi ni kawaida, kwa LT hata 6. Likizidi hapo, tairi linajikunja sana na kuchemka, maana yake ulianza na upepo mdogo au mzigo ni mkubwa. Usipunguze upepo likiwa moto, ongeza kesho asubuhi. Weka mkono pia kwenye habu ya trela. Ikiunguza, shida si tairi bali beringi zilizoingia maji ya chumvi, nazo zinataka grisi mpya kabla ya safari nyingine. Na spea ya trela ni lazima iwe ya trela. Ile ya Prado haiingii kwenye bolti zake, jambo ambalo wengi hulijulia Gongoni, saa mbili usiku.